Majina ya Wajomba na Kichwa cha Upande

Niliweka chini mikro, kipaza sauti changu, mwanzoni mwa kiangazi hiki, na bado sijafikisha miaka thelathini na tano. Najua kustaafu katika umri huu kunachekesha. Kaka yangu aliniuliza kama nitaanza pia kutembea na fimbo. Lakini kazi hii niliianza nikiwa msichana, na nyinyi vijana mnaoongoza sherehe za mahari hapa Uvira na kwenye uwanda wa Ruzizi mmeniomba mara nyingi niwaambie ilivyokuwa. Habari za malipo mtazipata kwa wengine. Mimi nitawaeleza kichwa changu, kwa sababu ndicho chombo nilichofanyia kazi, na ndicho kilichonitia hofu mpaka nikaacha.

Kwa asiyeijua kazi yetu, iko hivi. Familia mbili zinakutana uani, chini ya turubai. Upande wa mvulana wanaleta mbuzi, vitenge, blanketi, pombe. Upande wa msichana wanapokea. Katikati anasimama mtu mwenye mikro, na kazi yake kubwa ni kuita majina. Kila zawadi ina mwenyewe, na mwenyewe haiendei mpaka aitwe kwa jina lake lote, kwa mpangilio: wajomba wa msichana kwanza, mkubwa mpaka mdogo, kisha shangazi zake, kisha wengine. Anayeita hashiki karatasi. Ukimsoma mjomba kwenye karatasi umewaambia wakwe kwamba mtu huyu hajulikani. Ukimruka, atakaa kimya, hatakula, na mahari yote itasimama. Ukimwita aliyekufa, hilo nitalifikia.

Sikufundishwa darasani. Nilisikiliza watangazaji wa redio na kuwaiga nikiosha vyombo nyuma ya nyumba yetu, mtaani Mulongwe. Niliwaita majirani wote kwa majina ya baba zao, mpaka jirani mmoja akamuuliza mama kama nimeingia siasa. Kila nilipokosea nilianza upya kutoka jina la kwanza. Nikifikiri sasa, hapo ndipo tabia yangu ilipojionyesha: sikuweza kuvumilia kosa moja hata mbele ya sufuria.

Aliyenishika mkono ni Mwalimu Kashindi, aliyewahi kufundisha shule ya msingi kabla ya kuongoza mahari. Nilimfuata baada ya sherehe moja, akiwa anakunja waya wake.

"Mwalimu, minye nataka kujifunza hii kazi."

"Weye ni binti wa nani?"

Nikamwambia.

"Taja ndugu za mama yako."

Nikawataja wote.

"Na ndugu za mama yangu minye?"

"Siwajue, Mwalimu."

"Basi urudi siku utawajua."

Nilikwenda kwa mke wake, Mama Sifa, nikakaa naye jikoni tukichambua maharage, nikarudi kwa mzee nikiwa nimewashika wote. Alisikiliza akiwa amefumba macho. "Umekalisha mudogo mahali pa mukubwa," akasema. "Ingekuwa mahari, tungerudia njiani na mbuzi yetu." Halafu akanipa waya nikunje. Ndivyo nilivyoajiriwa.

Alinifundisha mambo ambayo bado ni mazuri, kwa hiyo yachukueni. Usimuombe shangazi wa bibi harusi majina ya familia, utapata nusu. Muulize nani hasemi na nani, na kwa sababu gani. Atakutajia ukoo mzima kabla maji ya ugali hayajachemka. Shika majina kwa viti: jua nani atakaa wapi, kisha tembea kiti kwa kiti kichwani. Nenda na betri zako mwenyewe. Mfanye rafiki yule anayewasha jenereta, hata kama ana kiburi, na kwa kawaida anacho. Vaa viatu vya chini, kwa sababu nyua za Mulongwe zinaingia maji mto ukijaa. Na usiondoke kwa shangazi bila kuuliza nani amefariki. Familia zinawazungumzia marehemu kama watu waliotoka kidogo kununua chumvi, na mgeni hawezi kujua.

Kichwa cha upande nilikuwa nacho tangu utoto. Vitabuni kinaitwa kipandauso, hospitalini wanasema migreni. Kwetu mama alikuwa akinifunga kitambaa na kunilaza gizani, basi. Sikujua kwamba kinaweza kugusa kitu kingine zaidi ya maumivu mpaka siku moja Kamanyola, mwaka wangu wa tatu kwenye kazi.

Ilikuwa mchana, jua kali, spika mbili kubwa zimewekwa nyuma ya kisogo changu. Nilikuwa nimekwisha kuwaita wajomba wanne. Nilipomgeukia wa tano, nusu ya uso wake haikuwepo. Mahali pake palikuwa na mwanga uliokatika-katika kama meno ya msumeno, unachezacheza. Nilijua jina lake. Nilijua kwamba anauza muhogo na kwamba hasemi na mdogo wake kwa ajili ya shamba. Nilijua kila kitu isipokuwa sauti ya jina lenyewe. Nilifungua mdomo, na kilichotoka ni "mu... mu...", halafu kimya.

Watu walidhani ni mbwembwe za kazi, namna ya kuwapandisha hamu. Wakapiga makofi. Makofi yale yaliniokoa, kwa sababu shangazi mmoja alishindwa kusubiri akalipaza jina mwenyewe kwa vigelegele, nami nikaliokota. Maumivu yalikuja baadaye, nikiwa ndani ya gari ya kurudi Uvira, nikatapika kwenye mfuko wa sukari. Maumivu sikuyaogopa. Niliogopa ule utupu. Kwa mtu wa kazi nyingine, kukosa neno ni jambo la kucheka. Kwangu ilikuwa kama fundi kuona mkono wake haumtii.

Tangu hapo nilianza kujipima. Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, nilitaja wajomba wa mahari ya mwisho niliyoongoza, kisha ya kabla yake, kisha ya kabla ya hiyo. Nikikwama kwa jina moja, siku nzima iliharibika. Nilianza kuangalia kila kitu nilichosahau: ufunguo, chumvi, neno la Kifaransa. Vyote niliviweka upande wa ushahidi. Na kwa kuwa niliogopa kichwa kinikute kazini, nilimeza vidonge vya maumivu kila siku, kiniume kisiniume. Kikaanza kuuma karibu kila siku. Nikaongeza vidonge. Mnaona wenyewe akili ya mtu aliyejifundisha kila kitu peke yake.

Halafu Mwalimu akaanza kusahau.

Mwanzoni ilikuwa mambo madogo: hadithi moja mara mbili, betri kwenye mfuko ambao si wake. Siku moja tuliitwa na familia ya wavuvi, kando ya ziwa, yeye akiongoza na mimi nikimsaidia. Alisimama vizuri, sauti yake ilikuwa ileile ya darasani. Akamwita mjomba mkubwa achukue mbuzi wake. Yule mjomba alizama ziwani miaka mingi kabla, na Mwalimu mwenyewe alikwenda kumzika. Mama wa bibi harusi, dada yake marehemu, alijifunika uso kwa kitenge. Mwalimu hakuelewa. Akaita tena, kwa nguvu zaidi, akitazama viti kimoja kimoja.

"Ameenda wapi? Muniitie yeye."

Nikamwendea, nikauchukua mkono wake, nikatoa mikro ndani ya vidole vyake. Hakukataa. Ile ilikuwa sherehe yake ya mwisho.

Nilimsindikiza nyumbani. Mama Sifa alimlaza, kisha akaja kukaa na mimi mlangoni.

"Mwanangu, haiko leo ilianza," akasema. "Kuna siku ananiuliza mama yake iko wapi."

"Na kichwa? Kinamuuma?"

"Kichwa, tangu ujana wake. Upande moja. Anajifunga kitambaa, hataki mwanga, anatapika. Sawa kabisa na weye." Akanitazama, akaona uso wangu. "Sikusema vile juu ya kukuogopesha."

Lakini alikuwa amekwisha kusema. Kwa wiki nyingi sikulala vizuri. Niliona safari yangu yote imechorwa mbele yangu: kwanza nusu ya uso inapotea, kisha jina, kisha siku moja ninasimama mbele ya watu na kumwita mfu wao aje kuchukua mbuzi. Sikumwambia mtu yeyote. Nilikubali kila kazi iliyokuja, ili wasiseme ninaogopa.

Mwisho nilikwenda kituo cha afya. Nilimkuta daktari mwanamke, kijana kuliko mimi, anayesema Kiswahili cha kwetu na Kifaransa pamoja bila kuchoka. Nilimweleza kila kitu kwa mpangilio, kwa sababu nilikuwa nimejifunza maelezo yangu kama majina ya mahari. Alinipima macho, mikono, mwendo. Akanipa maneno ya kushika, akaniuliza habari nyingine, kisha akayadai. Niliyataja yote, hata mpangilio.

"Da, kichwa chako kinashika kuliko changu," akasema.

"Leo. Na ile siku ya Kamanyola?"

Akanieleza taratibu. Migreni si maumivu peke yake. Inapomshika mtu, hata kabla maumivu hayajafika, na wakati mwingine siku nzima baada ya kwisha, kufikiri kunakuwa kuzito. Mtu anakosa maneno, anasoma mstari mmoja mara tatu, anashindwa kufanya mambo mawili kwa pamoja. Wengine wanaona mwanga kama wangu, na wachache ulimi wenyewe unagoma. Kisha inapita, na kwa watu wengi akili inarudi pale ilipokuwa.

"Kwa watu wengi," nikasema.

"Ndiyo."

"Na Mwalimu wangu? Alikuwa nacho maisha yake yote."

"Kichwa cha upande ni ugonjwa wa watu wengi. Kusahau kwa wazee pia ni ugonjwa wa watu wengi. Vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja bila kimoja kuzaa kingine. Waliochunguza hawasemi jambo moja: wengine wanaona kama kuna uhusiano kidogo, wengine hawaoni kitu. Kuona kwamba kila mwenye migreni anaisha akili, hapana, hiyo hatuione. Huyo mzee mumulete, tumwangalie kwa ugonjwa wake mwenyewe."

"Kwa hiyo unaniahidi."

"Siwezi kukuahidi. Hata minye hakuna aliyeniahidi."

Kisha akaniuliza ninameza nini, nami nikamwambia. Akaweka kalamu chini. Vidonge vya kila siku, akasema, vyenyewe vinaleta kichwa, na kichwa cha kila siku kinachosha akili. Usingizi mbaya unaifanya isahau. Wasiwasi pia. "Unajifanyisha mtihani kila asubuhi, na umekataa kupata chini ya mia kwa mia. Hapo hata mwenye kichwa kizima ataanguka." Alinipangia namna ya kupunguza vidonge, akanipa dawa nyingine ya kuzuia, akaniambia nile kwa saa, nilale kwa saa, na nisimame mbali na spika. Akaniambia pia, na hili liwafikie nanyi: ulimi ukifungika ghafla kwa mara ya kwanza, au mkono ukalegea upande mmoja, usikae nyumbani ukijiambia ni kichwa tu. Nenda siku hiyohiyo.

Mngedhani nilitoka nimepona hofu. Nilitoka na neno "wengi" likinizunguka kama inzi. Tulimpeleka Mwalimu, waliona ni ugonjwa wa kusahau wa uzee, ukiwa umekwenda mbali. Mimi vichwa vilipungua, kweli. Vikawa mara chache kwa mwezi. Lakini hofu haikupungua kwa kipimo hichohicho.

Kazi iliyoamua mambo ilikuwa hapahapa Mulongwe, baada ya mto kujaa na kushuka. Ua ulikuwa bado na tope, viti vimewekwa juu ya mbao. Familia ya msichana ilitoka Mutarule, wakulima, watu wa mpangilio. Mjomba mkubwa alikuwa Mzee Ndabaga, mrefu, kofia ya pama, hacheki. Alikuwa na ndugu aliyemfuata kwa umri, walifanana sana, na huyo ndugu alikuwa amefariki. Shangazi wa msichana alinionya mara mbili jikoni kwake: "Ukiita jina ya ule mufu, Ndabaga atasimama na sisi sote tutamfuata, na bibi harusi atabaki ndani na nguo yake."

Tangu asubuhi nilikuwa ninapiga miayo na shingo imekaza. Ninazijua dalili hizo. Ningeweza kusema ninaumwa, lakini hapakuwa na mwingine wa kuongoza, na mimi ni mtu wa kutaka kila kitu kiende sawa. Wakwe waliingia, wakatania kama kawaida. Mzee wa upande wa mvulana akasema wamesikia harufu ya mboga nzuri kwenye ua huu. Shangazi akamjibu kwamba pua ndefu huwa haina mifuko mirefu. Watu walicheka. Nikanyanyua mikro kumwita mjomba wa kwanza, na mwanga wa msumeno ukafunguka kwenye pembe ya jicho langu.

Nilimwona Mzee Ndabaga vipande vipande. Majina mawili yalikuja pamoja, lake na la ndugu yake, yakakaa kwenye ulimi kama mapacha, na sikuweza kujua lipi ni la aliye hai. Ninaapa sikujua. Nilivitembea viti kichwani kama nilivyofundishwa, na viti vilikuwa vitupu. Mjue ilivyokuwa: nikichagua vibaya, mahari imevunjika na mtu amefiwa mara ya pili. Nikinyamaza, wataona mzee amedharauliwa. Makofi yalianza, yale ya Kamanyola, wakidhani ninapandisha hamu. Safari hii hakuna shangazi aliyetamka.

Niliteremka kutoka kwenye ubao niliosimamia, viatu kwenye tope, nikamwendea mpaka mbele ya magoti yake.

"Mujomba, uniambie jina lako."

"Tangu lini mwenye mikro anauliza jina ya muntu? Hawakukufundisha?"

"Walinifundisha, na jana nilikuwa nalo. Niko na ugonjwa wa kichwa, umenishika sasa hivi. Majina yako yamechanganyika na ya watu wengine. Ni afadhali nikuulize kuliko nikuite jina lisilo lako."

Mikro ilikuwa wazi. Ua wote ulisikia. Niliona midomo ya shangazi ikisali. Nadhani Mzee Ndabaga alielewa ni jina gani lingine nilikuwa nalo mdomoni, kwa sababu macho yake yalikwenda kwenye kiti cha pembeni yake na kurudi. Akachukua mikro. Akasimama, akajitaja jina lake, la baba yake na la babu yake. Akampa anayefuata bila kukaa. Huyo naye akajitaja. Mikro ikatembea kiti kwa kiti, kila mjomba akijitaja, na wengine wakitumia nafasi hiyo kusema habari za mashamba yao mpaka tukalazimika kuwanyang'anya. Mahari ilipita. Bibi harusi alitoka nje. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya nyumba, kichwa kwenye ndoo.

Baada ya siku mbili majina yote yalirudi, yakiwa yamepangana vizuri, la marehemu mahali pake na la Mzee Ndabaga mahali pake. Daktari alikuwa amesema kweli. Lakini nilijua sitasimama tena. Kazi yetu ni jua, njaa, kelele na jenereta, na vyote hivyo ndivyo vinavyokiita kichwa changu. Nilimaliza ahadi mbili nilizokuwa nazo, nikawapa wengine vifaa.

Mwezi uliopita Mzee Ndabaga alikuja kwetu, kofia mkononi. Anamwoza binti yake, alitaka niongoze.

"Nimeacha, Mujomba."

"Batu wanasema ilikuwa mahari nzuri kupita zote. Tutajitaja wenyewe tena, utatupatia tu mikro."

"Nimeacha kweli."

Akakaa kwenye kigoda, akanywa chai aliyopewa. "Yale majina yalirudi ao hayakurudi?"

"Yalirudi yote."

"Sasa juu ya nini uko unaogopa?"

"Siku hayatarudi."

"Na ukikaa hapa nyumbani, hiyo siku haitafika?"

Jibu la hilo daktari hakunipa, na Mwalimu, ambaye siku hizi ananiita kwa jina la dada yake, hawezi kunipa.

"Inaweza kufika," nikasema.

"Basi umeacha kazi ili ukae chini na kuogopa."

"Ndiyo, Mujomba. Lakini nikiwa nimekaa chini ninaogopa, simwite mufu wa muntu."

Aliigeuza kofia yake mara kadhaa kwa vidole. "Hiyo nimesikia," akasema. Akamaliza chai, akaniuliza ni nani kati yenu vijana anayeweza kumwongozea, nami nikamtajia jina.